Neno Nililopanda Nalo Mlima wa Theluji

Kwetu Nambis mgeni haulizwi neno lake akiwa amesimama. Anakaribishwa, anakaa, anapewa chai, na kama jua limezama anakula makande pamoja na watoto. Akiwa ametoka mbali, analala kwanza. Baadaye ndipo mwenye nyumba anakohoa kidogo na kusema, "Haya mgeni, tunakusikia. Unatembea na neno gani?" Hapo mgeni anafungua mzigo wake. Anayeanza kusema kabla hajaulizwa, mama yangu alikuwa akisema, ni kama ng'ombe anayekojoa katikati ya kukamuliwa. Hata kama maziwa ni mengi, nani atayanywa?

Jirani yetu Gaudensia aliwahi kutumwa kwetu na habari ya msiba. Alikunywa chai, akaongeza kikombe, akasifu ndama, akaulizia mahindi yetu yamefikia wapi. Macho yake tuliyaona mekundu, lakini mume wangu Margwe hakuharakisha, na Gaudensia naye hakuharakisha. Alipoulizwa ndipo alipolia. Hivyo ndivyo tulivyo. Naeleza hili mapema ili nikifika huko mbele msinione mjinga.

Binti yetu Marieta ni muuguzi. Alikuwa kazini Endasak, chini ya mlima Hanang, akakutana na kijana wa Kizungu aliyekuja kufunga pampu za maji. Jina la kijana huyo sitaliandika, kwa kuwa ni mkwe wangu, na mkwe hatajwi ovyo. Kwao ni Nyuzilandi, nchi iliyo mwisho wa maji yote. Alimaliza pampu zake akarudi kwao, na baada ya muda Marieta akaja nyumbani na begi, akasema anamfuata.

Hakuna mzee aliyekuja kukaa na Margwe kumposa. Hakuna aliyeleta hata asali. Margwe alikuwa ndani, karibu na moto, na Marieta amesimama mlangoni na begi lake. Margwe akamwambia, "Ukivuka kizingiti hiki leo kwenda, usikivuke tena kurudi."

Marieta akavuka.

Mtu anaweza kusema maneno mengi ya hasira, shambani au kwenye pombe, yakaenda na upepo. La kizingitini linakaa. Linatolewa na kinywa kilekile kilicholiweka, mbele ya yule aliyewekewa, kwa majani mabichi na maziwa. Mimi siwezi kulitoa, wala kaka mtu hawezi, wala padre, ingawa Margwe ni Mkristo na anakwenda kanisani. Marieta alilijua hilo. Akawa ananipigia mimi, kwa simu ya kaka yake Nikolausi, ambaye nyumba yake iko hatua chache na yetu. Kila mara anauliza, "Baba hajambo?" Nami nasema, "Hajambo." Tunaishia hapo. Akajifungua mtoto, akamwita Sara. Sara akaota meno, akang'oka meno, akaanza shule. Kizingiti kikabaki palepale.

Mwaka huu Marieta alituma tiketi. "Mama, njoo umwone mjukuu wako kabla miguu yako haijakataa." Nikolausi alinihangaikia pasipoti, akinipeleka Mbulu mjini kwa pikipiki mpaka mgongo ukataka kukatika. Majirani walinicheka sana. "Hilaria, unakwenda kuvaa suruali!" "Hilaria, tuletee barafu kidogo tupozee maziwa!"

Asubuhi moja nikiwa nakamua, Margwe alikuja akasimama nyuma ya ng'ombe. Yeye hapendi kusema akinitazama. Alisema akimtazama ng'ombe.

"Ukifika huko, mwambie aje."

Nikaacha kukamua.

"Mwambie kinywa changu kimechoka kubeba lile neno. Nataka kulitema chini wakati bado nina mate."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe? Nikolausi ana simu."

"Simu ina kinywa," akasema, "lakini haina mate. Neno la mlangoni linatumwa na mtu."

Kisha akang'oa majani mabichi pale pale kwenye kizingiti, akayasokota kidogo, akanipa. Nikayafunga kwenye kitambaa. Ng'ombe alikuwa amechoka kunisubiri, akapiga teke ndoo.

Safari yenyewe sitaisimulia sana. Nilivalishwa kadi shingoni kama ndama wa mnada, nikapokezanwa na wasichana waliovaa vizuri, nikalala nimekaa. Nilipofika Nyuzilandi, watu wa uwanjani walifungua mzigo wangu wakakuta asali na yale majani. Wao hawaruhusu kitu cha shambani kuingia kwao, wanaogopa magonjwa ya mifugo. Kijana mmoja mwenye glovu aliyabeba majani ya Margwe kwa vidole viwili, kwa heshima kabisa, akaniinamia, akayatia kwenye pipa. Nilisema moyoni, si kitu. Majani yako kila mahali, na neno liko kifuani.

Marieta alinipokea akilia. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele amezikata. Sara alinipigia shikamoo aliyofundishwa kwenye gari, "Shikamuu, Bibi," tukacheka wote. Mkwe wangu alitaka kunikumbatia, nikamrukia pembeni nikampa mkono wa mbali. Masikini, akafikiri simpendi. Marieta akamweleza, naye tangu siku hiyo akawa anapita mbali nami kama anapita karibu na mzinga wa nyuki.

Nyumba yao iko katikati ya mashamba ya kondoo. Kondoo mpaka macho yanachoka. Usiku ule wa kwanza nilikula, nikaoga maji ya moto, nikalala. Asubuhi nikavaa kitenge changu kizuri, nikakaa sebuleni nimenyooka, nikisubiri kuulizwa. Marieta akaniletea chai. Akaketi. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Akaniuliza kama blanketi linatosha. Kisha akatazama saa, akasema, "Mama, nakwenda kazini, nitarudi jioni."

Nikasema ataniuliza jioni.

Yeye anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku na za mchana zinabadilika. Akirudi amechoka. Tunapika pamoja, tunacheka, ananiuliza habari za Gaudensia, za ng'ombe, za padre mpya, za nani ameoa na nani ameachwa. Aliuliza habari za kila kiumbe kilichoko Nambis. Neno langu hakuliuliza. Na baba yake akamwulizia kwa njia ileile ya simu, "Baba hajambo?" nami nikajibu kwa mazoea, "Hajambo." Nilivumilia. Nimezoea kuvumilia, nimelea watoto, nimelima kwenye mawe. Nilijiambia, mtoto huyu amekaa mbali, amepunguza mwendo wa adabu, lakini hajaisahau. Atafika.

Siku zikaisha mpaka ikabaki Jumamosi moja kabla sijarudi. Marieta akasema, "Mama, leo hakuna kazi. Tunakwenda wote mlimani ukaone theluji." Nikafurahi sana. Siyo kwa ajili ya theluji. Nilisema, siku nzima pamoja, juu mlimani, hakuna saa ya kutazamwa. Leo ndiyo leo.

Tuliondoka bado giza. Barabara ya kupanda ilikuwa ya udongo, kona juu ya kona. Katikati mkwe akasimama akafunga minyororo kwenye matairi. Nikamwambia Marieta, "Mbona hata malori ya kwetu masika yanafungwa hivyo?" Marieta akamtafsiria, mkwe akacheka, akanionyesha dole gumba toka upande wa pili wa gari.

Nilidhani nitakuta umati kama mnadani. Haikuwa hivyo. Palikuwa na magari machache, nyumba moja ya mbao, na mlima mweupe wote hauna mtu. Huko kuna milima mingine mikubwa ya matajiri, Marieta alisema, yenye viti vya kupandia na muziki. Huu ni wa chama cha watelezaji tu. Wenyewe wameujenga, wenyewe wanapika, wenyewe wanaosha vyombo. Kulikuwa na injini kwenye kibanda, inalia tuk-tuk-tuk kama mashine ya kusaga, inazungusha kamba ndefu mpaka juu kileleni. Watu wanafunga mkanda kiunoni wenye kikoleo cha chuma, wanaibana kamba, kamba inawavuta juu wakiwa wamesimama kwenye zile mbao zao mbili za kutelezea. Wakifika juu wanaachia, wanashuka peke yao. Wakifika chini wanaibana tena. Kutwa nzima kazi ni hiyo.

"Na wakifika huko juu wanachukua nini?" nikauliza.

"Hawachukui kitu, Mama."

"Wanapanda bure, wanashuka bure?"

"Wanalipa, Mama."

Nikashika kichwa. Sara alicheka mpaka akaanguka.

Theluji niliishika. Ni baridi, lakini mimi baridi naijua, nimeamka kukamua Nambis mwezi wa saba. Kilichonishangaza ni ukimya wake. Mguu unakanyaga, mlio hauji. Marieta alivaa mbao akaenda kwenye kamba, ikamvuta kidogo, ikamwangusha, akainuka, ikamwangusha tena.

"Kama ndama wa leo!" nikampigia kelele. "Simama kwa miguu ya nyuma kwanza!"

"Mama, usinichekeshe, nitavunjika!"

Alikuwa anacheka kama alivyokuwa anacheka mtoni akiwa msichana. Nilimtazama nikasema moyoni, akishuka hapo ataniuliza. Moyo ukiwa mwepesi unakumbuka.

Niliposhuka kutoka pale nilipokuwa nimekaa kwenda kwenye nyumba, mteremko ulikuwa unateleza. Mkwe akakimbia kunishika kiuno. Nikaona afadhali kuvunjika shingo. Nikakalia kitenge changu, nikajiachia, nikateleza mpaka mlangoni kwa makalio. Watu wote waliokuwa nje wakapiga makofi. Sara akapiga kelele, "Bibi ameshinda!" Mkwe alibaki juu na mikono yake mitupu.

Ndani ya ile nyumba kila mtu ana kazi. Hakuna mgeni. Mama mmoja mzee, mwenye nywele nyeupe na fulana ya sufu, alikuwa anamenya viazi vya chakula cha mchana cha watu wote. Aliniona, akasukuma stuli kwa mguu, akanipa kisu. Nilimpenda hapo hapo. Marieta naye akavua viatu vyake vizito, akaja akakaa katikati yetu, akachukua kisu. Tukamenya. Viazi vyao vikubwa, ngozi laini, havina mawe kama vyetu. Nje injini ikawa inalia tuk-tuk-tuk, ndani hakuna anayesema. Nikasikia neno la Margwe limepanda mpaka kooni, limekaa, linasubiri mlango ufunguliwe.

Yule mama mzee akasema kitu kwa lugha yao, akinitazama usoni.

Kisu cha Marieta kilisimama kwenye kiazi. Kisha akasema, hakuniangalia, "Mama, anauliza. Umekuja huku mbali na neno gani?"

Swali lilikuwa lilelile. Maneno yalikuwa yaleyale ya nyumbani, na kinywa kilikuwa cha mwanangu. Lakini mwenye swali alikuwa yule mama. Nikafikiri. Nitamwambiaje mgeni wa watu habari ya kizingiti cha Margwe? Ya ndani hayaanikwi kwenye meza ya wengine. Na Marieta atayatafsirije, aibu ya baba yake, mbele ya sufuria la viazi? Mimi nikamwonea mwanangu huruma.

Nikasema, "Mwambie nimekuja kumwona mjukuu wangu."

"Hilo tu, Mama?"

"Hilo tu. Na mwambie viazi vyao ni vizuri."

Marieta aliinama. Akasema maneno machache kwa lugha yao. Yule mama akatikisa kichwa, akainuka, akaenda kwenye msumari wa mlangoni, akarudi na kofia ya sufu akanivalisha mwenyewe, akaivuta mpaka ifunike masikio. Nilishukuru. Nikaona kuwa hata huku mtu akijibiwa vizuri anatoa kitu.

Baada ya kula Marieta alitoka bila kunisubiri. Alirudi kwenye kamba. Sasa haikumwangusha tena. Ilimvuta juu, akashuka, ikamvuta, akashuka, hacheki, hapungi mkono. Nilimtazama dirishani nikasema, mtoto ameshajua kuteleza, anafurahia. Mungu anisamehe.

Jua lilipoanza kwenda upande wa pili wa mlima, uvumilivu ulinishinda. Nilisema liwalo na liwe, nitasema bila kuulizwa, nitakuwa ng'ombe anayekojoa. Lakini si mikono mitupu. Nilitoka nje kutafuta majani, maana ningenyoosha majani mabichi mkononi, Marieta angeelewa kabla sijafungua mdomo. Mtoto gani wa kwetu haelewi? Nikazunguka nyumba. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Karibu na jiwe moja nikaona mashuke yametokeza juu ya theluji. Nikafukua kwa vidole. Yalikuwa marefu, makavu, rangi ya simba. Nikafukua mpaka chini kwenye mzizi, labda nitapata hata uzi mmoja wa kijani. Hakuna.

Majani makavu hayaombi amani. Makavu ni ya kuezekea.

Marieta akawa amesimama nyuma yangu, mbao zake begani. Alitazama mkono wangu ulioshika yale makavu.

"Mama," akasema, "hapa hawaruhusu kuchuma."

Nikayaachia.

Injini ikazimwa. Tukashuka. Sara alilala kwenye gari, kichwa mapajani mwangu, na kofia ya yule mama mzee ikabaki kwangu mpaka leo.

Nilipofika Nambis, Margwe hakuniuliza. Nilikuwa nimetoka mbali. Nilikula, nililala. Nilimsikia akigeuka kitandani kucha. Asubuhi akaniacha ninywe chai, kisha akakohoa.

"Haya. Ulimwambia?"

"Hakuniuliza."

Alitazama kizingiti.

"Kwa hiyo umerudi na mzigo wangu."

"Nimerudi nao."

Hakunigombeza. Margwe si mtu wa kugombeza mara mbili. Akasema, "Tukimaliza kuvuna, Nikolausi ampigie aje. Asimwambie sababu. Nitamwambia mwenyewe." Nami nikaona ni sawa. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, nyani wanayatazama. Wakati wa kuvuna nani anaita wageni?

Hatukumaliza kuvuna. Margwe alianguka kwenye mahindi akiwa na gunia begani. Kiharusi. Hospitali walimtunza vizuri, miguu ikarudi nusu, mkono wa kushoto ukarudi. Ulimi haukurudi. Sauti inatoka, neno halitoki.

Nikolausi ndiye aliyempigia dada yake. Marieta alikuja na Sara, mkwe akabaki na kazi. Walifika kwa bodaboda mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaja mpaka uani. Mlangoni akasimama.

Ndani, Margwe alisikia sauti yake. Akaanza kupiga ukuta kwa kiganja.

"Dada, ingia," Nikolausi akasema.

"Siingii."

"Baba ni mgonjwa! Umesafiri dunia nzima, unashindwa hatua moja?"

"Ninyi mnajua kwa nini."

"Ajabu hii! Umekaa kwa Wazungu mpaka umekuwa Mmbulu kuliko sisi?"

"Nikolausi, mimi ni muuguzi," Marieta akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Najua neno halivunji mguu. Lakini alilisema yeye. Nataka kulisikia likitoka kwake. Kama hataki niingie, sitaingia kwa kuwa tu hawezi kunifukuza."

Nikasema, nikiwa nimesimama kati yao kwenye kizingiti, "Alitaka. Alinituma nikuambie."

Marieta alinigeukia.

Ikabidi mzee atolewe nje. Nikolausi na baba yake mdogo, Akonaay, walimbeba na kiti chake wakamweka uani kwenye jua. Akonaay akang'oa majani mabichi akamtia kwenye mkono wa kushoto. Mimi nikaleta maziwa kwenye kibuyu. Marieta alipiga magoti. Margwe alinyanyua yale majani, akayachovya kwenye maziwa, akamnyunyizia binti yake kichwani, kwenye nywele zile fupi. Kisha akafungua mdomo.

Tulisubiri. Uso wake ulivutika upande, mishipa ya shingo ikasimama. Ikatoka pumzi, kama mtu anayepuliza moto uliokataa kuwaka. Akajaribu tena. Mate yakamtoka kidogo, yakashuka kwenye kidevu.

"Ametoa," Akonaay akasema haraka. "Mate yametoka. Mimi nimeona."

"Mmesikia neno?" Marieta akauliza.

Akonaay akatazama chini. Yeye ni mzee mkweli, hakuweza kusema amesikia.

Marieta alimfuta baba yake kidevu kwa kanga yake, taratibu, kama anavyowafuta wazee wa kule. Akayachukua yale majani mkononi mwake, akayaweka kifuani. Akakaa naye uani mpaka jua likaondoka. Lakini walipomrudisha baba yake ndani, yeye alikwenda kulala kwa Nikolausi.

Ikawa hivyo siku zote alizokaa. Asubuhi tunamtoa mzee, Marieta anamnyoosha vidole, anamlisha uji, Sara anamwimbia nyimbo za shule yao. Jioni tunamrudisha. Mvua ikinyesha Marieta anasimama chini ya paa upande wa nje, akiongea naye kupitia dirishani.

Siku moja tulikuwa uani tunamenya viazi, mimi na yeye. Viazi vyetu hivi vidogo vyenye macho mengi. Akasema, "Mama, kule mlimani ulikuwa na neno lake?"

"Nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa." Nikashika koo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Mwezi mzima nilikaa kwenye sebule yako nimenyooka kama mchumba. Hukuniuliza."

"Kule kwao, Mama, ukimwuliza mgeni amekuja kwa nini ni kama unamwambia aondoke. Tiketi nilituma mimi. Ningekuulizaje? Niliogopa utafikiri nimekuchoka." Akamenya kidogo. "Na niliogopa jibu. Nilisema labda baba ameongeza lingine."

"Hata yule mama mzee mgeni aliuliza," nikasema. Nilisema kwa uchungu, sifichi. "Mtu asiyenijua aliniuliza. Wewe je?"

Marieta aliweka kisu chini.

"Mama, yule mama hakuuliza hivyo."

"Uliniambia mwenyewe."

"Yeye aliuliza kama masikio yako yanauma na baridi."

Nilimtazama. Nikakumbuka ile kofia.

"Ni mimi niliyeuliza," Marieta akasema. "Nilishindwa kukuuliza kwa uso wangu, nikajificha nyuma yake. Nikasema kama Mama ana neno, atalisema. Ukasema umekuja kumwona mjukuu. Nikakuuliza tena, hilo tu? Ukasema hilo tu. Nikaenda kwenye kamba nikalia mpaka jua likaanza kushuka."

Nilishika kiazi kilichokwisha kumenywa nikaanza kukimenya tena, mpaka kikabaki kama punje. Kuku walikuwa wanagombania maganda. Margwe alikuwa kwenye kiti chake, amelala, jua usoni, mdomo wazi.

"Usilie, Mama," akasema. "Wote tulikuwa na adabu."

Aliondoka kurudi Nyuzilandi iliko nyumba yake, hajavuka kile kizingiti. Watu wengine hapa wanasema mzee amekwisha kulitoa, majani yalikuwa mabichi, maziwa ya asubuhi, imetosha. Padre naye anasema imetosha. Mimi siwabishii. Ila nikifagia mlango natembeza ufagio pale polepole.

Siku hizi mgeni akifika kwangu namwuliza kabla hajakaa. "Karibu. Una neno gani?" Wanashtuka. Gaudensia ameniambia wazi, "Hilaria, tangu upande ndege umekosa adabu." Namwambia ndiyo, kaa, chai inakuja, lakini sema kwanza.

Na Jumapili baada ya kanisa Nikolausi analeta simu. Sura ya Marieta inatokea, nyuma yake Sara anaruka. "Shikamoo, Mama. Una neno?" Namwambia lililopo: ndama amezaliwa, maharage yamepata wadudu, goti linauma. Simfichi kitu hata kidogo. Kisha anauliza, "Na Baba? Ana neno?"

Naipeleka simu kwa Margwe. Sura anaitazama kidogo tu, anageuza macho kule kwa ng'ombe, kama zamani. Namwekea karibu na mdomo. Anavuta pumzi, anajaribu. Kule upande wa pili Marieta ameinamisha kichwa, amesogeza sikio. Anasikiliza hivyo hivyo mpaka bando linakatika.